Kidani cha Malkia na Ujumbe wa Simu: Muuzaji Hutapeliwa Vipi?



Tukitaja utapeli wa biashara, wengi wetu humfikiria mnunuzi. Yeye ndiye anayeuziwa simu bandia, asali iliyotiwa sukari, au gari lililopakwa rangi juu ya kutu. Muuzaji tunamchukulia kuwa ndiye mjanja. Lakini hebu uliza mtaani kwako. Utampata kijana aliyetangaza laptopu yake mtandaoni ili apate karo. Akaja mtu mstaarabu, kavaa vizuri, anasema vizuri. Ujumbe wa malipo ukaingia kwenye simu, laptopu ikaondoka, na pesa hazikuonekana. Utampata pia mama aliyetoa bangili zake za dhahabu ziuzwe kwa sababu ya bili ya hospitali, akabaki na karatasi mkononi.

Watu humcheka mtu kama huyu. "Kwani ulikuwa umelala?" Naye huona haya, akanyamaza, na tapeli akaendelea na kazi yake mtaa wa pili. Makala haya yanataka kukuonyesha kupitia historia kwamba jambo hili si la wajinga, na wala halikuanza jana. Liliwapata masonara wakubwa wa Paris karne mbili kabla ya intaneti. Likawapata Wamarekani walio na benki kila kona. Kisha likatufikia sisi na simu zetu. Vyombo vimebadilika, lakini mbinu ni ileile moja, na ukishaijua mbinu hutasumbuka na chombo.

Masonara wa Paris

Katika karne ya 18 kulikuwa na masonara wawili mjini Paris, Charles Boehmer na Paul Bassenge. Walitengeneza kidani cha almasi ambacho hakikuwa na mfano: almasi 647, uzito wake wote karibu karati 2,800. Walitumaini mfalme Louis wa 15 angemnunulia mwanamke aliyempenda, Madame du Barry. Lakini mwaka 1774 mfalme akafa kwa ndui kabla ya biashara kufanyika, na masonara wakabaki na kidani chao na madeni waliyokopa kununulia mawe.

Wakampelekea malkia mpya, Marie Antoinette. Akakataa. Baadaye wakampelekea tena, akakataa tena. Hebu fikiria hali yao. Una mali ya thamani kubwa sana, mnunuzi wa kuimudu ni mmoja au wawili duniani, na riba ya deni inapanda kila mwaka. Muuzaji wa namna hii ana kiu. Na tapeli humjua mtu mwenye kiu kwa kumtazama tu.

Hapo akaingia mwanamke aliyejiita Comtesse Jeanne de la Motte. Alikuwa wa ukoo wa wafalme wa zamani kwa njia ya mtoto wa nje, lakini mfukoni hakuwa na kitu. Akamzunguka Kadinali Louis de Rohan, mkuu wa kanisa mwenye cheo na utajiri, ambaye malkia alikuwa hamtaki hata kumwona. Kadinali alitamani sana apatanishwe na malkia. Jeanne akamwambia kwamba yeye na malkia ni marafiki wa siri. Akaanza kumletea barua "za malkia", zilizoandikwa na mtu wake aitwaye Rétaux de Villette. Agosti 1784, usiku, ndani ya bustani ya Versailles, akamkutanisha na mwanamke aliyefanana na malkia. Giza lilikuwa limetanda na maneno yalikuwa machache, kadinali akaondoka na furaha yake.

Baada ya hapo ikaja habari ya kidani. Ati malkia anakitaka, ila hataki ijulikane, na anataka kadinali awe mtu wa kati. Bei ikakubaliwa: livre 1,600,000, kulipwa kwa awamu katika muda wa miaka miwili. Februari 1, 1785, masonara wakamkabidhi kadinali kidani. Jioni hiyo kadinali akakipeleka nyumbani kwa Jeanne, akamwona mtu aliyejitambulisha kuwa mjumbe wa malkia akikipokea. Hakikufika kwa malkia. Kilivunjwavunjwa, na almasi zikapelekwa kuuzwa moja moja, nyingi zikaishia London.

Mwezi wa Julai, awamu ya kwanza ikikaribia, Boehmer alimpelekea malkia kijibarua cha heshima. Malkia hakuelewa kinachosemwa, akakichoma. Mwanzoni mwa Agosti Boehmer alikwenda kwa Madame Campan, mmoja wa wanawake waliomhudumia malkia, akamweleza mambo yote. Mama huyo akamwambia wazi kwamba ametapeliwa. Agosti 15, 1785, kadinali akakamatwa Versailles, akatiwa katika gereza la Bastille.

Kesi iliamuliwa Mei 31, 1786. Kadinali akaachiliwa, kwa kuwa naye alidanganywa. Jeanne akapigwa mijeledi, akachomwa alama ya mwizi kwa chuma cha moto na kufungwa, ingawa mwaka uliofuata alitoroka, akafia London mwaka 1791. Na malkia je? Hakuwa ameshika hata almasi moja, lakini raia wengi waliamini kwamba mkono wake ulikuwamo. Chuki hiyo ilimfuata hadi mapinduzi ya 1789 na baada yake. Usifikiri basi kwamba tapeli humwumiza yule anayemwibia peke yake. Yule aliyeazimwa jina lake bila idhini naye huumia.

Walikosea wapi?

Mtu akisoma haraka atasema masonara walikuwa wazembe. Ngoja kwanza. Hawakutoa mali bure. Walitaka masharti yaandikwe, na yakaandikwa. Walitaka idhini ya malkia, na ikaja: kila sharti limekubaliwa na mwisho kuna sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wao daftari walikuwa nalo!

Shida ilikuwa mahali pawili. Kwanza, sahihi yenyewe ilisomeka "Marie Antoinette de France". Malkia wa Ufaransa hawakuwa wakiweka sahihi namna hiyo. Waliandika jina lao la ubatizo basi. Mfalme Louis wa 16 alipoonyeshwa karatasi aliligundua kosa hilo papo hapo. Pili, na hili ndilo kubwa, ushahidi wa malipo uliletwa na mkono uleule uliokuja kuchukua mali. Kati ya Februari na Julai masonara hawakupata neno hata moja kutoka kinywani mwa malkia mwenyewe. Kila walichojua walikijua kupitia kwa mtu wa kati.

Lishike hili, ndugu msomaji, maana ndilo jambo lote: ushahidi unaoletwa na anayechukua mali si ushahidi. Hata uwe na muhuri au sahihi, hata uwe na jina kubwa namna gani.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walijadili kwa kirefu suala la qabdh, yaani kupokea: ni lini hasa mtu huhesabiwa kwamba ameshapokea kitu na kimeingia mikononi mwake. Kijana anaweza kuona hayo ni maneno ya vitabuni tu. Lakini swali ni hilohilo. Je, umepokea pesa, au umepokea habari kwamba pesa zimetumwa?

Mnada ukaingia kwenye kompyuta

Sasa turuke hadi Marekani, mwaka 1995. Kijana mmoja mtaalamu wa kompyuta, Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris na mtoto wa wazazi wa Kiirani, alianzisha mnada mtandaoni akauita AuctionWeb. Baadaye ukajulikana duniani kote kwa jina la eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, kikanunuliwa kwa dola 14 na senti 83. Mwaka huohuo huko San Francisco Craig Newmark alianza orodha yake ya matangazo, Craigslist.

Jambo geni lilikuwa hili: mtu wa kawaida, asiye na duka wala leseni, anaweza kumwuzia mtu asiyemjua, aliye mji mwingine kabisa. Zamani sokoni ulimwona mtu uso kwa uso, ukamjua baba yake na nyumba yao. Sasa unayemwona ni jina tu kwenye kioo. Mwaka 1996 eBay iliweka utaratibu wa wateja kuandikiana sifa, ili aliye mwaminifu ajulikane na mkora ajulikane. Mwaka 2002 ikainunua PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa dola bilioni 1.5. Mambo haya yalisaidia sana. Lakini ukiyatazama vizuri utaona kinga nyingi zilijengwa kumlinda anayetuma pesa asitumiwe gunia la mawe. Anayetoa mali aliachiwa macho yake.

Hundi inayozidi bei

Miaka ya mwanzo ya 2000 ukaenea mtego mmoja ambao ni lazima tuueleze, kwa sababu unafundisha. Tuseme mtu anauza piano kwa dola 2,000. Mnunuzi anamwandikia kutoka mbali: naitaka, sina haja ya kuiona, nitakutumia hundi ya benki. Hundi inafika ikiwa ya dola 5,000. Mnunuzi anasema, "Samahani, humo mna pesa za msafirishaji. Chukua zako, hizo 3,000 zilizozidi mtumie yeye kwa njia ya haraka."

Muuzaji si mjinga. Anaipeleka hundi benki kwanza. Siku inayofuata anauliza, anaambiwa pesa ziko kwenye akaunti. Anatuma zile 3,000. Wiki moja au mbili baadaye benki inampigia simu: hundi ni bandia. Benki inazichukua dola zote 5,000 kutoka kwake. Zile 3,000 alizotuma zimekwenda, na piano ikiwa imechukuliwa basi imekwenda nayo.

Iliwezekanaje? Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzilazimisha benki zisikalie hundi za wateja kwa muda mrefu. Mteja lazima apewe pesa ndani ya siku chache, na kwa hundi ya benki mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Nia ilikuwa njema. Lakini kupewa pesa utumie ni jambo moja, na hundi kuthibitishwa na benki iliyoitoa ni jambo jingine linalochukua siku zaidi. Katikati ya mambo hayo mawili pana ufa. Tapeli aliuona ufa huo, muuzaji hakuuona, kwa sababu kwake yeye "pesa ziko kwenye akaunti" ilikuwa na maana ya "nimelipwa".

Unaona mambo yanavyofanana na Paris? Karatasi yenye sura ya heshima, jina la taasisi kubwa, mtu wa tatu asiyeonekana, na haraka. Haraka ndiyo iliyowamaliza. Yule anayekuharakisha ana sababu yake.

Kenya: ujumbe ukawa risiti

Tuje kwetu. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Kabla ya hapo, anayetaka kutuma pesa nyumbani alimpa dereva wa basi bahasha, au alipanga foleni posta. Huduma hii ilileta faraja kubwa na hakuna atakayeikana. Lakini ilibadilisha jambo moja kimyakimya: tuliacha kuhesabu noti tukaanza kusoma ujumbe. Simu ikilia, mtu anatazama, anaona "umepokea", anasema haya chukua mzigo. Ujumbe ukawa risiti.

Na kiwango kiliendelea kukua. Mwanzoni mtu hakuweza kutuma zaidi ya shilingi 35,000 kwa mara moja. Mwaka 2020 kiwango kilipandishwa hadi 150,000, na mwaka 2023 hadi 250,000. Yaani kitu kilichokuwa kikilipiwa benki, mbele ya karani, sasa hulipiwa barabarani juu ya boda. Matangazo nayo yakahamia mtandaoni. OLX iliingia Kenya mwaka 2012, na mwaka 2019 biashara yake hapa ikachukuliwa na Jiji. Kisha kuna makundi ya simu, ambayo kila mtu anayo.

Wakora hawakukawia. Mitego yao ni mingi ila mizizi ni mitatu.

Wa kwanza ni ujumbe wa uongo. Mnunuzi anaandika mwenyewe maneno kama ya M-Pesa: namba ya muamala, jina, kiasi, saa. Anautuma kutoka laini ya kawaida na anategemea usitazame umetoka wapi. Wengine wana ujuzi wa kuufanya utokee na jina linalofanana na la kweli. Lakini kuna kitu hawakijui: salio lako. Hapo ndipo "sahihi" yao inapokosewa, sawasawa na ile ya malkia.

Wa pili ni pesa za kweli zinazorudi. Huyu hulipa kweli, na ukitazama zipo. Akishaondoka na mali, anaiambia kampuni ya simu kwamba alituma kimakosa, anaomba zirudishwe. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kumsaidia mtu aliyekosea namba, na husaidia wengi. Tapeli huipindua ikawa ufa, kama ule wa hundi.

Wa tatu ndio unaofanana zaidi na kisa cha Jeanne. Tapeli husimama katikati. Anachukua picha za laptopu yako, anaitangaza kama yake kwa bei ya chini, anampata mnunuzi wa kweli. Kwako anajifanya mnunuzi, kwa mnunuzi anajifanya muuzaji. Anamwambia yule maskini atume pesa kwa namba yako, na wewe anakwambia, "Nimelipa, namtuma kijana aichukue." Pesa umepata, ni za kweli. Wiki ijayo unaitwa polisi kwa sababu aliyelipa hakupata kitu, na namba iliyopokea ni yako. Ni watu wawili waaminifu wanaotazamana kituoni kama maadui, na mwizi hayupo.

Sheria inasemaje?

Kujipatia mali kwa uongo ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sheria ya tangu mwaka 1930, na adhabu yake ni hadi kifungo cha miaka 3. Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2010, ili kila namba iwe na mwenyewe. Mwaka 2018 ikaja sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni, iliyoweka kwa ulaghai wa kompyuta adhabu ya hadi shilingi milioni 20, au miaka 10 jela, au vyote viwili.

Kwa hiyo sheria ipo. Lakini sheria huja baada ya mali kuondoka. Jeanne alihukumiwa, na kidani hakikurudi. Ndiyo maana kinga yako hasa iko katika zile dakika chache kabla hujafungua mkono.

Kabla hujakabidhi

Usiusome ujumbe, uliza salio. Fungua menyu ya M-Pesa kwa mkono wako, tazama akaunti yenyewe. Kama ni benki, piga simu kwa namba unayoijua wewe, si namba aliyokupa yeye. Masonara wangemwuliza malkia siku moja tu, kisa kingeisha Januari.

Linganisha jina la aliyelipa na mtu aliyesimama mbele yako. Kama pesa zimetoka kwa Hassan na aliyekuja ni Juma, mpigie Hassan kwanza, umwulize amelipia nini na kwa nani. Ukishindwa kumpata, mali isiondoke.

Hundi, hata ya benki, ingoje mpaka benki yako ikuambie kwamba imelipwa na benki iliyoitoa. Na mtu akikulipa zaidi kisha akataka umrudishie au umpe mwingine, hapo simama. Hakuna mnunuzi wa kweli mwenye shida hiyo.

Kutaneni mchana, mahali penye watu na kamera, usiende peke yako. Andikeni karatasi ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho na namba ya kifaa, wote mtie sahihi. Anayetaka kununua kwa haki hatakataa. Ukiona anaudhika kwa sababu unahakikisha, mwambie kwa upole kwamba biashara haigombi, na urudi nyumbani na kitu chako.

Na kama limeshakupata? Usifute ujumbe wowote. Iarifu kampuni ya simu au benki saa hiyohiyo, nenda kituoni upewe namba ya OB, waambie na wenzako mtaani. Boehmer alikaa miezi mitano akiogopa kumsumbua malkia, na katika miezi hiyo almasi zilikuwa zikiuzwa London moja baada ya nyingine. Aibu ni ya mwizi. Aliyetapeliwa akisema mapema, huenda kitu chake kikapatikana, na kisipopatikana, angalau jirani yake atajua.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na ndugu wakubwa. Kijana akija kukwambia simu yake imechukuliwa namna hii, usianze na "ulikuwa umelala?" Mkalishe, msikilize, mpeleke kituoni. Idd ikikaribia, wengi hutoa vitu vyao wauze ili watoto wapate nguo. Anayeuza kwa haja ndiye anayewindwa. Tusimwache peke yake wakati wa kukabidhi. Mmoja wetu aende naye.

Wabillahi tawfiq.